Hamsini na Nne kwa Mia

Mzee wangu Shabani,

Nimepata hamsini na nne. Najua huko uliko hakuna anayeuliza alama za mtihani, lakini sina mwingine wa kumwambia, na kilio changu wewe ulishakizoea tangu siku ile sindano ya cherehani iliponitoboa kidole, ukanifunga kwa kipande cha bitana. Hamsini na nne kwa mia, Mzee. Na chuo cha sheria cha hapa Kigali, kile kinachofundisha jioni ili mtu aendelee na kazi yake mchana, kinataka sitini.

Ngoja nianze vizuri, maana hukupenda fundi anayeanzia kwenye pindo.

Baada ya arobaini yako, mdogo wako Ramadhani alikuja kutoka Kabuga na karatasi. Akamwambia Mama Mwajuma ni ya rambirambi, aweke dole gumba. Mkeo hajui kusoma, unamjua, akaweka dole, akamwambia asante shemeji. Asante! Kumbe karatasi inasema nyumba ni ya ukoo, naye ameikabidhi kwa hiari yake. Wiki mbili baadaye sufuria zake zilikuwa barabarani, na mtaa mzima wa Biryogo unatazama.

Tukaenda mahakamani. Mama hawezi kusema mbele za watu. Nikasimama mimi. Hakimu akaniuliza, "Wewe ni nani?" Nikasema mimi ni fundi, marehemu ndiye aliyenifundisha kazi. Akasema, "Fundi, kaa chini." Na joho alilovaa, wallahi, nililishona mimi! Pindo lake nililipiga kwa mkono siku tatu, wewe umenisimamia kichwani. Nikakaa chini, na nyumba ikabaki kwa Ramadhani. Mpaka leo najiona nimekaa pale.

Basi mwanaume mzima wa miaka thelathini na sita nikaitoa ile diploma ya sekondari, uliyonikuta nayo zamani ukanicheka, "Karatasi haishoni kifungo." Nikaenda kujiandikisha mtihani wa kuingia sheria. Watu wamenicheka, acha tu. Yule muuza brosheti wa jirani kila nikipita penye mishikaki yake ananiita mheshimiwa wakili, halafu anauliza suruali yake itakuwa tayari lini.

Maswali yalikuwa manne. Yote niliyajua, usidhani ni ujinga. Kosa ni lako. Samahani Mzee, kosa ni langu, lakini aliyenifundisha ni wewe. Miaka kumi na mitano umeniimbia wimbo mmoja: "Gazeti iko mingi, kitambaa iko moja." Hatukukata hata kanzu ya mtoto bila kuikata kwanza kwenye gazeti, kuipiga pini, kumjaribishia mwenyewe, kupunguza hapa na kuongeza pale. Sasa mtu kama huyo anapewa karatasi mbili, moja ya kujaribia na moja ya kujibia. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye ile ya kujaribia. Nikaandika majibu yote manne hapo, nikafuta, nikapanga upya. Yalikaa, Mzee! Ungeyaona yalivyokaa. Kisha nikaanza kuyahamishia kwenye karatasi safi, kwa mwandiko wa kutulia, na kengele ikalia niko mwanzo wa swali la tatu.

Nilimsihi msimamizi achukue zote mbili. Akasema ya kujaribia haisahihishwi, akaitupa kapuni. Mbele ya macho yangu. Yale mawili niliyoyamaliza nimepata karibu alama zote, na hilo ndilo linaloniua.

Kipo chuo kingine, kule kusini, siyo mbali na mpaka wa Burundi. Chenyewe kinapokea kuanzia hamsini. Wameniandikia kwamba nafasi ipo, fomu irudi Ijumaa. Lakini huko ni kwenda kuishi, miaka minne, cherehani niiache. Na Mama sasa analala humu dukani, nyuma ya meza ya kukatia. Anashona vifungo, mimi namtungia uzi kwa sababu macho yake yamekataa tundu la sindano. Nikiondoka nani atamtungia? Tumekata rufaa ya nyumba, na karani amesema kwa foleni ilivyo tangu vita vianze kule kaskazini, miaka minne inaweza isitoshe. Alidhani ananikatisha tamaa. Mimi nilihesabu kwa vidole pale pale: nitakuwa nimemaliza chuo.

Halafu kuna njia yenyewe. Bariyeri za askari zimekuwa nyingi. Abiria wanateremshwa, kila mtu na kitambulisho mkononi, na kabila langu limeandikwa pale wazi, unalijua, na unajua wanavyolisoma. Kasimu, yule wa kupiga pasi, alikwenda harusini huko huko kusini. Aliteremshwa, basi likaondoka. Mama yake bado anauliza stendi.

Naogopa, Mzee. Nimekuja makaburini mara mbili, nimesoma Yasini, nimekaa. Wewe uliyekuwa na neno kwa kila jambo, hata suruali ikibana! Mwaka mzima umeninyamazia, na mimi nimebaki na fomu mfukoni inalowa jasho. Kuna saa natamani ningebaki mjinga, nishone, nile, nilale. Kuna saa natamani ningekufa mimi ukabaki wewe. Mungu anisamehe.

Jana Mama aliichukua hiyo fomu mkononi mwangu, akaigeuza kama mtu anayetafuta upande wa juu wa kitambaa. Akauliza inataka nini. Nikamwambia inataka sahihi yangu. Akauliza kama nimeisoma. Nikasema nimeisoma mara kumi. Akanitazama, akasema, "Mimi niliweka bila kusoma. Wewe unasoma bila kuweka." Akarudi kwenye vifungo vyake. Nililia, Mzee, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua sketi.

Leo asubuhi nimeweka sahihi.

Nimemtungia Mama sindano zote zilizomo dukani, uzi mweusi, mweupe na wa kahawia, nimezichomeka kwenye kimto chako mpaka hakionekani. Zikiisha, binti wa muuza brosheti amekubali kupita akitoka shule. Cherehani nimeitia mafuta. Barua hii naiweka kwenye mtoto wa meza yake, pamoja na chaki zako, na usishangae ilivyojaa mistari iliyokatwa. Sikuiandika kwanza kwenye karatasi ya kujaribia. Ni mara yangu ya kwanza kukata bila gazeti.

Fomu nimeshaituma, na Jumatatu napanda basi. Ukiniona nimekufuata mapema, ujue sikufika, na unipokee bila kunicheka. Lakini nikifika, nakuahidi, nitasoma mpaka mwisho. Joho langu nitalishona mwenyewe. Na siku nitakaposimama kwa ajili ya mkeo, Mzee wangu, wakiniambia kaa chini, sitakaa.

Pumzika. Kazi uliyoniachia bado naishika.

Mwanao wa cherehani,
Idi