Karata Nyumbani Kwangu Rongai

Mpwa wangu Kamau,

Sisi huku Nakuru wazima, na ng'ombe amezaa. Anti yako Wambui anakusalimu.

Umeuliza kama kucheza karata za dau chumbani mwako ni kosa. Umemuuliza bingwa! Miaka ile ya hamsini, kwenye shamba la mzungu Rongai, kila Jumapili mchana tulichezea mayai kwangu. Kuku wote wa Rongai walinijua kwa jina.

Siku moja akaingia koplo. "Kucheza na marafiki nyumbani si kosa," akasema. "Kosa ni mwenye nyumba kuwatoza wachezaji. Wewe unatoza?"

Nikatunisha kifua mbele ya wenzangu, nionekane tajiri. "Hapa bila kunilipa, hakuna anayeshika karata!"

Akatoa pingu. Wambui, ambaye nilikuwa nimemuoa juzi tu, akaacha sufuria.

"Afande, mwongo huyo! Hakuna anayemlipa. Chai wanakunywa bure, na mayai anayopoteza ni yangu!"

Wenzangu wakaangua kicheko, koplo naye akacheka, pingu zikarudi mfukoni.

Sheria ya siku hizi uliza huko uliko. Mimi najua tu kwamba nimesifiwa sana maishani, lakini sifa iliyonifaa kuliko zote ni kuitwa mwongo na mke wangu.

Mjomba wako,
Njoroge