Vinyago vya Wagiriki

Jumanne, Temeke

Eti vinyago! Chati yangu ya vipindi vya sanaa ilianzia michoro ya mapangoni Kondoa, ikapita Ugiriki na Renesansi ya Ulaya, ikaishia kwa wachongaji wa Kimakonde. Mkuu wa idara amewakata Wamakonde kwa kalamu nyekundu.

"Hivyo ni vinyago, mwalimu. Peleka kwenye somo la utamaduni."

"Na vya Wagiriki, mzee?"

"Zile ni sanamu, binti yangu. Usituletee usanii hapa."

Nikasema sawa. Babu alichonga mpingo mpaka macho yakamwishia, nami nikasema sawa! Naogopa nitazoea.

Kesho nawafundisha Kidato cha Pili Ugiriki. Nitawaambia Wagiriki walikuwa wachonga vinyago hodari. Mkuu akisikia, asikie.