Picha Uliyonitumia Mimi Peke Yangu

Karakana ya Friji na Feni,
Mlango wa Nyuma,
S.L.P. 318.

Alhamisi, 4 Juni

Mpendwa mpwa wangu Sindano,

Hujambo mama? Salamu zangu zikufikie huko uliko ukiwa mzima, na vidole vyako vyote kumi vikiwa mahali pake. Kifua je, kimetulia? Mama yako aliniambia vumbi la vitambaa linakukohoza. Kikohozi cha mshonaji dawa yake ya kwanza ni dirisha. Lifungue, hata kama wenzako watalalamika baridi.

Sisi huku miili yetu haijambo. Goti langu linanitukana kila ninapoinama nyuma ya friji la mtu, lakini nimelizoea kama jirani mkorofi. Mkaza mjomba wako amepandishwa cheo pale maktaba, na siku hizi hata nyumbani tunanong'ona. Mama yako ni mzima, amepaka ukuta wa sebule rangi ambayo hakuna anayethubutu kumwambia ukweli wake.

Nimesema miili haijambo. Roho yangu ni habari nyingine, na ndiyo iliyonikalisha hapa mezani tangu asubuhi, katikati ya kompresa mbili nilizozifungua na kuziacha. Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwa simu ungecheka, nami ningecheka, tungeongea habari za goti, na ningekata bila kutoa lililonikaa kooni. Keti chini, mama, uisome barua hii mpaka mwisho. Kisha unikasirikie.

Unajua jinsi Kimulimuli alivyonilea. Nilianza kusoma katuni zake nikiwa darasa la nne: fundi wa taa za barabarani ambaye giza likiingia mwili wake unawaka, na waovu wanakosa pa kujificha. Hata ufundi wa umeme niliusomea kwa ajili yake. Mimi sikuwahi kuwaka ila mara mbili, na zote mbili nilisahau kuzima swichi. Basi ilipotangazwa kwamba anatengenezewa filamu, na kwamba mtoto wa dada yangu yumo katika chumba cha mavazi, nilitembea mtaani kama bwana harusi.

Kwa kinyozi kuliwaka moto. Kinyozi mwenyewe aliandika kwa sabuni kwenye kona ya kioo idadi ya siku zilizobaki, na kila asubuhi anafuta anaandika upya. Leo zimebaki ishirini na tatu. Watu wazima na mvi zao wanaingia kutazama namba, hawanyoi, wanatoka.

Mbishi mkuu ni yule muuza miwani tunayemwita Profesa. Huyo hamtaki mwongozaji wenu hata kwa dawa. "Filamu zake zote ni za watu wanaolia mezani," anasema. "Sasa nasikia humu mwanga wa Kimulimuli unazimika. Shujaa wa mwanga asiye na mwanga! Si bora kinyozi asiye na wembe?"

Nilimjibu kwa yale uliyonieleza wewe. Nikasema huyo mama anaamini kwamba mtu anayewaka hajulikani kama ni jasiri, kwa kuwa mwanga unamfanyia kazi yote, na kwamba yeye anataka tumwone siku amebaki gizani na mikono yake miwili tu. Nikasema mwacheni mama wa watu apike, sisi tutaonja. Walinicheka, nikavumilia.

Jumamosi moja ndipo Profesa alipogusa pasipoguswa. Alisema, "Na vazi lenyewe eti ni matambara. Aliyelishona sijui alijifunzia kwenye magunia."

Mama, damu ilinipanda. Picha ilikuwa mfukoni mwangu. Ulinitumia siku nne kabla, na chini yake ukaandika: "Mjomba, hii ni yako peke yako. Iangalie, uifute." Nilikuwa nimeiangalia mara mia, na sikuifuta. Lile joho la kijivu la Kimulimuli limetandazwa mezani, viraka juu ya viraka, na mshono wako naujua kama mwandiko wa mtu. Nikaitoa simu nikamwekea mbele ya miwani yake. "Matambara? Haya, tazama matambara!"

Kinyozi alizima mashine. Wote wakainama. Hakuna aliyecheka. Nami, Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Kisha Profesa akasema polepole, "Hiki kiraka cha kijani hapa kifuani. Kimekatwa kwenye ovaroli ya kaka yake Kimulimuli."

Hata hapo sikuelewa. Miaka arobaini ninasoma katuni zile, na sikuelewa mpaka mtu wa kiti cha pili alipolimalizia: "Ovaroli yake imekuwa kiraka? Basi kaka anakufa."

Simu ikapita mikononi kama mtoto mchanga, kila mmoja akitaka kuishika. Iliporudi kwangu niliitia mfukoni nikaenda zangu nyumbani nimetuna kifua. Jumatatu mteja aliniletea feni, na kabla hajaiweka chini akaniuliza, "Fundi, umeiona hii?" Ilikuwa picha yako.

Ukaniandikia wiki hiyo. Ukasema siri ya mwisho wa filamu sasa iko kwenye kila simu. Ile ya kwangu hukuiwaza, uliamini niliifuta kama ulivyoniagiza. Ukasema siku ile chumbani mlikuwa wawili tu, wewe na yule anayepiga pasi mnayemwita Mama Pasi, na kwamba ulipoulizwa ulisema kweli tupu: ulimwona na simu mkononi. Kumbe alikuwa anaangalia saa tu, au anamwandikia mwanawe, nani ajuaye. Wakamfukuza siku hiyohiyo, baada ya miaka kumi na moja. Ukamalizia: "Afadhali, mjomba. Nyoka ametoka chumbani."

Nilikusoma nimesimama. Nikakujibu maneno matatu: "Pole sana mama." Nyoka anampa pole aliyeumwa.

Ndiyo. Ni mimi. Si Mama Pasi, si mtu mwingine wa huko. Ni mjomba wako.

Nilinyamaza wiki tano. Sitakuficha visingizio vyangu, maana navyo ni sehemu ya kosa. Nilijiambia yule mama ni mzoefu, atapata kazi pengine. Nilijiambia nikisema, utafukuzwa wewe, kwa hiyo kunyamaza kwangu ni mapenzi. Hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote, kwa sababu kilinifanya nionekane mwema machoni pangu.

Mkaza mjomba wako ndiye aliyeniona. Tulikuwa tunakunja nguo, akasema, "Filamu uliyoingoja tangu utoto, mbona unaingoja kama mtu anayengoja hukumu?" Nikamwambia yote, shati mkononi. Hakupaza sauti. Akaliweka shati langu juu ya mengine, akasema, "Watu husema ulimi uliponza kichwa. Lakini hapa ulimi ni wako, kichwa ni cha mwenzio."

Kesho yake nilipiga simu ofisini kwenu. Binti wa mapokezi alinisikiliza kidogo, akaniambia, "Baba, wewe ni wa tisa wiki hii kudai ni yeye. Wapenzi wa filamu mna vituko." Akakata. Basi nikamwandikia mwongozaji barua, nikaeleza siku, saa na mahali, nikaweka na anwani ya karakana na namba yangu ili asiseme nimejificha.

Nisikie vizuri hapa. Sikukuuliza wewe kwanza. Niliogopa kwamba ungeniomba ninyamaze, na ningekutii kwa furaha.

Juzi Jumanne simu ililia nikiwa na bisibisi mdomoni. Sauti ya mwanamke, nzito, imechoka.

"Wewe ndiye mjomba?"

"Ndiye mimi."

"Kwa nini uliionyesha?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu mengi mazuri. Likatoka hili: "Nilitaka wajue ni nani aliyeshona."

Kisha akasema, "Kile kiraka nilikibeba kichwani miaka sita, baba. Wewe umekitoa kwenye kiti cha kinyozi."

"Nisamehe."

"La filamu nitakusamehe. Kuambiwa kwamba mtu atakufa si sawa na kumwona nduguye akiishona nguo yake. Watalia tu. Lakini nimemfukuza mfanyakazi asiye na kosa, tena mbele ya wenzake. Hilo ni langu na lako, na halitoki kwa simu."

Mama Pasi anarudi kazini Jumatatu. Mwongozaji alikwenda mwenyewe nyumbani kwake kumwomba radhi.

Kuhusu wewe, hakufukuzi. Ila uliweka saini kwamba hutatoa picha nje, na hiyo saini ina bei: jina lako halitaandikwa mwisho wa filamu pamoja na ya wengine. Nilimsihi. Nikamwambia anishtaki mimi, anitangaze mimi, afanye atakalo. Akasema, "Baba, hapa hatupatani kama sokoni." Atakuita Jumatatu asubuhi. Nilimwomba neno moja tu, kwamba ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwake, akakubali. Ndiyo maana barua hii inakujia kwa mkono wa dereva wa vipuri, anayefika huko Jumamosi. Ni mtu mwaminifu na hajui kilichomo.

Basi, mwanangu, jina lako nimelifuta mimi, mtu aliyetaka kulitangaza kuliko wote. Lakini kuna zito kuliko hilo: nimekufanya umshuhudie vibaya mtu asiye na hatia. Wewe ulisema ulichokiona. Uongo ulikuwa kwangu, nilipokaa kimya. Hata hivyo najua roho yako, na najua hili litakuuma kuliko la jina.

Usimngoje akufuate, mama. Mfuate wewe kabla pasi haijapata moto. Mwambie ni mjomba wako, fundi friji, mwenye mdomo kama bomba lililopasuka. Akitaka kunitukana mpe namba yangu. Nitapokea.

Kwa kinyozi nimekwenda, nimewaambia mbele ya kioo chao. Profesa alivua miwani akawa anaifuta, anaifuta. Mwishowe akasema, "Aliyejitumia ile picha kutoka kwenye simu yako ni mimi. Nilidhani nitaiangalia peke yangu." Tukatazamana, wazee wawili wajinga.

Tiketi za siku ya kwanza mkaza mjomba wako amezinunua, yangu na yake na ya mama yako. Nilisema siendi, sistahili. Akaniambia haendi kwa ajili ya kustahili kwangu, anakwenda kuona kazi ya mtoto wetu. Basi nitakwenda. Nitakaa kitini, na joho lile litakapotokea gizani nitaona kila pindo ulilolishika na kila uzi ulioukata kwa meno, na jirani yangu akisema, "Hii nguo nzuri, sijui ameshona nani," nitatazama mbele.

Mama yako anakusalimu, naye hili bado sijamwambia. Nitamwambia leo jioni, uso kwa uso. Mdogo wako anakusalimu, na binamu zako wote wawili, na bibi yako ambaye bado anaamini unashona mapazia. Mkaza mjomba wako anasema ule vizuri. Nisalimie Mama Pasi kama atakubali salamu zangu. Asipokubali, ana haki.

Mungu akulinde, aibariki mikono yako, na akupe moyo wa kusema neno gumu mapema kuliko nilivyolisema mimi. Jibu lako nalingoja, hata likiwa kali. Likikawia, nitalingoja vilevile.

Mimi niliyekukosea, nikupendaye bila kupungua,

Mjomba wako, Barafu