Kusi Ilikuwa Mgongoni

Baba Zuhura,

Nimo ndani nakaa eda yako, sioni barabara wala soko. Lakini masikio hayakai eda. Jana asubuhi nimesikia ndege juu ya bati letu hapa Temeke, ikaenda kusini, ikarudi, ikaenda tena, ikarudi. Mie nikajua wanapima.

Unaikumbuka siku yenu? Wewe fundi, Bwana tajiri wako ndiye rubani, mmepanda kile kindege chake kilichozeeka, mnataka kujua mbio zake za kweli kikishatulia angani. Mkapima mara moja tu, toka Mbagala kurudi mjini, kusi iko mgongoni inawasukuma. Ukaingia nyumbani unacheka, "Mama Zuhura, kizee kinakimbia!" Nikakuuliza, na wakati wa kwenda je? Ukasema wakati wa kwenda Bwana alikuwa anavuta kiko.

Kwa mbio hizo za kuazima akakadiria petroli ya kwenda Kilwa. Siku hiyo kusi iliwakabili usoni njia nzima. Petroli ikaisha juu ya mikoko ya Rufiji, mkaanguka. Wewe ukafa. Yeye kavunjika mkono tu, mdomo umebaki mzima, maana hata hujazikwa alishasema fundi hakujaza tangi.

Na watu wakaamini, mume wangu. Hawa hawa wa baraza la kahawa, uliokuwa ukiwatengenezea baiskeli bure. Wamekula wali wa msiba wako huku wananong'ona kwamba umejiua kwa uzembe. Mtu mzima na ndevu zake anapuliza kikombe, anasema, "Mafundi wa siku hizi." Zuhura ameyasikia kisimani. Akaja kuniuliza kama ni kweli.

Leo mdogo wako Musa, mlinzi wa uwanjani, kaja kunieleza nyuma ya pazia. Mkaguzi wa serikali kairusha ndege nyingine ya Bwana, pacha wa ile, kaipima kwenda na kurudi, upepo usoni na upepo mgongoni, akachukua mbio za kati. Zile mbio alizojigambia Bwana zilikuwa za upepo. Bwana akaulizwa kiasi kile cha petroli nani alikiamuru, akakiri ni yeye. Kisha akasema ndege ni kuukuu. Ndiyo radhi yake hiyo, akaenda zake kunywa chai.

Barazani nako wanaendelea na kahawa yao. Kukuchafua walikuwa hodari, kukusafisha wana kazi nyingi.

Hata wewe nina hasira nawe. Ulipanda ukicheka. Kitanda hiki kipana mno, na bado nalala upande wangu.

Lala salama. Eda ikiisha tutakusomea hitima, na wale wa barazani nitawaalika wote. Pilau nitapika mwenyewe. Musa atasimama awaambie alichosema mkaguzi, na masufuria yatakaa kwangu, mwiko mkononi mwangu. Asiyekuomba radhi kwa jina lako, mbele ya Zuhura, atarudi kwake na njaa yake.

Mkeo,
Mama Zuhura