Sare Tuliyoifungia Sandukuni

Umetimia mwaka, Mama yetu Eneless Mkwezalamba, tangu tukulaze kule Phalombe bila sare yako ya kanisa.

Ulikuwa mtu wa Alhamisi. Wewe na wanawake wenzako wa kanisa mlivaa blauzi nyeupe, sketi nyeusi na kilemba, mkapita nyumba za wagonjwa na wajane, kila mmoja na bakuli lake la unga. Miguu ilikuuma siku zote isipokuwa siku hiyo. Tulikutania, nawe ukacheka mpaka ukashika mbavu.

Mafuriko yalipozoa mahindi na njaa ikaingia, bakuli hukuliacha. Lonjezo, mwanao wa kwanza, akakwambia, "Mama, Mungu hali nsima wala ugali wowote."

Ukamjibu, "Hali, mwanangu. Lakini mwenzangu Nabanda anakula."

Tukajiona tuna akili. Tulijua huwezi kusimama kati ya wenzako bila sare, basi tukaifungia sandukuni, tukakwambia upumzike, ule, unenepe. Hukugomba. Kila Alhamisi ulikaa barazani ukisikiliza nyimbo zao zikipita kwa mbali. Sahani tulikujazia, nawe ukazidi kukonda. Miguu ikagoma kabisa, na utani ukakuisha. Loo, Mama, tulikunyima chakula chako huku tukidhani tunakulisha.

Ulipolala kitandani, ni wao waliokuja. Mayi Nabanda, mjane asiye na shamba, alitangulia na bakuli. Tuliupokea unga ule macho chini. Tukaupika, tukaula.

Siku ya mazishi waliomba sare wakuvike, kama wanavyovikwa wenzenu wote. Tukafungua sanduku mbele yao. Mchwa walikuwa wameshaimaliza. Tulitamani ardhi itumeze. Mayi Nabanda alivua kilemba chake, akakufunga nacho kichwani, akaenda kichwa wazi hadi kaburini.

Tusamehe, Mama. Mwanao Ethel ndiye anayebeba bakuli lako sasa, na wenzako wanampokea kama mtoto wao. Hilo nalo linatutia aibu.

Tulimwomba Mayi Nabanda ruhusa ya kuandika jina lake pamoja na yetu mwisho wa kumbukumbu hii. Akasema, "Andikeni. Ila langu litangulie, maana unga wake nimeula mimi."

Basi wasiokusahau maisha yao yote ni Mayi Nabanda. Kisha sisi wanao, Lonjezo, Ethel na Chikumbutso, pamoja na wajukuu zako.