Jina la Baba Uwanjani

Harlow Fork, Indiana
Jumapili, Novemba

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa na majani yameshafagiliwa mlangoni. Mimi mzima, ila usingizi umenipaa. Asante kwa keki ya matufaha. Wachezaji wangu waliimaliza kabla sijaonja.

Kinyozi Burdette hajabadilika. Kila nikikaa kitini mwake, wazee huanza kutupima makocha watatu wa mpira wa kikapu wa chuo chetu. Juzi aliniambia, "Hendershot alituletea makombe, baba yako akatuletea visingizio. Na wewe, bwana mdogo, unatuletea nini? Nywele tu?" Wakacheka mpaka wakakohoa. Nilicheka nao, lakini yaliniuma. Hendershot ana bendera zake za ubingwa zinazoning'inia darini mwa uwanja, hilo halina ubishi. Baba alikuwa akiwaleta wachezaji wake nyumbani kuhangaika na hesabu mpaka wafaulu, kisha anakanyaga sakafu mara mbili kutuita sote mezani, kama alivyowaita benchi uwanjani. Hayo hayatundikwi popote.

Unaujua utaratibu wa mechi ya kwanza ya msimu. Taa huzimwa, mtangazaji husoma majina ya makocha waliopita, na wanafunzi hukanyaga mbao za majukwaa kwa kila jina. La Hendershot hutikisa jengo. La Baba, kimya. Najua wewe husikiliza redioni kila mwaka tangu tumzike, na kimya kile hukukata maini.

Jana likasomwa la Hendershot, vumbi likatudondokea. Vishindo vilipokwisha, mtangazaji akanyamaza kidogo. Ndipo kule juu, jukwaa la mashariki, lile lililofungwa kwa sababu mbao zake zimeoza, miguu ikakanyaga. Mara mbili, kimya. Mara mbili, kimya. Hakuna aliyecheka, Mama. Wachezaji wangu waliokuwa wakipasha misuli wakaja benchi gizani, wote, na mimi sikuwa nimewaita. Taa zilipowaka, jukwaa lilikuwa tupu na kufuli liko mahali pake. Tulishinda, lakini usiniulize vipi.

Kisha ukanipigia simu ukilia kwa furaha, ukasema hatimaye wamemkanyagia Baba, Verlin wako. Ukasema mtangazaji alilitamka jina lote vizuri, hata lile la katikati ambalo watu hulikosea. Nikaitikia tu.

Nisamehe, Mama. Jina la Baba halikusomwa. Mimi ndiye niliyemwomba mtangazaji aliruke, ili mwaka huu usikisikie tena kimya kile. Nimemuuliza, naye anaapa kwamba hakulitamka. Nilidhani nakulinda wewe, kumbe nilikuwa namfuta Baba, na nina aibu kuliko hofu.

Mwakani litasomwa. Wakinyamaza wote, nitakanyaga mimi.

Msalimie shangazi Wilma, na yule paka wake mkorofi. Na tafadhali niandikie upesi: sauti uliyoisikia ikilitaja jina hilo ilikuwa kweli ya mtangazaji?

Mwanao akupendaye,
Lowell