Nyumba Nisiyoingia

Ekerenyo, Kisii
Mei, 1965

Kwako ndugu yangu Shekuwe,

Salamu nyingi kama manyunyu ya huku kwetu. U hali gani, na mguu ule ulioumia Burma? Mimi ni mzima, ila meno yameanza kuniaga. Mama Nyamongo anakusalimu ingawa hajakuona. Anakujua kama yule mtu wa Lamu aliyemfundisha mumewe kusumbua watu kwa mashairi.

Habari kubwa ni kwamba Nyamongo, kifungua mimba wangu, sasa ni askari. Amepelekwa Garissa kupigana na mashifta. Siku ya kuondoka wanawake wakaanza kuangua kilio. Niliwakemea! Kwetu hatumlilii aliye hai, kumlilia ni kumwitia kaburi. Nikawaambia kwamba mimi nilikwenda vitani Burma nikarudi na vidole vyangu vyote, na mwanangu naye atarudi. Hata leo nasema hivyo.

Amemwacha mkewe Bochaberi na mtoto mchanga. Mvua za Aprili zikatoboa paa lao. Nawe unakumbuka nilivyokusimulia: kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata ikiungua. Basi nikaita vijana waezeke, nami nikawa fundi wa uani. Mama Nyamongo yuko ndani anapaza sauti kuwa panavuja juu ya kitanda, mimi nje naelekeza kwa fimbo nisichokiona. Walinicheka sana, lakini nyumba haivuji tena.

Hapo nikaanza kutunga. Tafadhali usikague vina kabla hujamaliza barua. Mistari mitatu ilikuja mbio, wa nne ukagoma kama punda.

Juzi jioni nikasikia mtoto analia mle ndani, hanyamazi. Nikasogea ukutani nimwimbie. Kumbe mama yake naye analia, amejiziba mdomo asisikike. Nani alimkataza kulia kama si mimi? Na kuingia siwezi. Nikaimba ile mistari yangu, na wa nne ukaja wenyewe:

Mwanangu umeniacha, nyumba yako haivuji,
Imeezekwa kwa kicha, hayapenyi tena maji,
Usiku hata kukicha, tu hapa, wako wangoji,
Rudi uingie wewe, pale baba haingii.

Nakwambia wewe peke yako, Shekuwe: sikuufikisha mwisho. Nililia, mimi Ombati, paji la uso limegusa udongo wa ukuta. Bochaberi akaniambia kutoka ndani, polepole, kwamba nilie tu, baba, kulia huku si kumzika, ni kumngoja. Tukalia, ukuta katikati yetu, mpaka mtoto akanyamaza. Asubuhi niliwaambia wanawake kwamba anayetaka kulia na alie.

Nisalimie watoto na majirani. Ukiswali, mtaje Nyamongo. Nami kila Sabato nawataja nyote wawili. Vina sahihisha upendavyo, ila mstari wa mwisho usiuguse.

Ni mimi rafiki yako,
Alfayo Ombati